Keki ya Chokoleti na Neno Nililolizuia

Madungu, Chake Chake, Pemba

Kwa Mama mdogo, uliyenilea pamoja na mama yangu, na uliyenipa binti yako Zuhura awe mke wangu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na mvua za huko Kilwa hazijaingia jikoni kwa ule upande wa paa nilioondoka bila kuumaliza. Mimi mwili wangu hauna ugonjwa. Mjukuu wako hajambo. Ananyonya kwa binti wa jirani yetu Bi Mize, ambaye naye amejifungua karibuni. Sauti anayo, mtaa mzima unamjua.

Nimeipata barua yako, aliyokuandikia mwalimu wa chuo cha Kurani. Umenishukuru kwa kumtunza Zuhura hadi pumzi yake ya mwisho, ukasema kazi ya Mungu haina makosa. Nimeisoma mara moja nikaikunja. Mama mdogo, shukrani hizo si zangu. Katika barua yangu ya kwanza nilikuandikia kwamba Zuhura amefariki kwa uzazi, na huo si uongo, ila mengine niliyameza. Leo nayatoa yote. Anayekusomea namwomba asiruke hata mstari mmoja.

Unajua kwamba napika kwa Mzungu wa kazi ya barabara. Mke wake, memsahibu, alikuwa na hamu ya keki ya kwao, ya chokoleti, tabaka mbili zilizobebana na krimu katikati. Mara ya kwanza ilitoka kavu. Mgeni mmoja akaomba maji ya kuisukumia, na meza nzima ikacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sinia mkononi. Unanijua tangu utotoni, mtu akinicheka silali. Nikaapa kwamba ipo siku wataila keki yangu wakae kimya.

Basi nikajifunza. Unga wa kakao usiutie mkavu, ukoroge kwanza kwa maji ya moto. Maziwa yawe ya mtindi, ndiyo yanayoipa keki unyevu. Makaa ya chini yawe machache, mengi uyapalie juu ya mfuniko wa sufuria, na usifunue ovyo. Kijiti ukikichoma kisitoke kikavu kabisa, kitoke na chembe mbili tatu. Vipande vya kujaribia nilikuwa nikimletea Zuhura nyumbani, naye hakuwa mtu wa kunipaka mafuta. "Hii bado inakwama kooni," ataniambia, na atakimaliza kipande chote. Siku moja alikula, akalamba vidole, akashika tumbo lake akasema, "Mtoto huyu atazaliwa ananuka kakao." Tulicheka sana. Nilimpenda, Mama mdogo. Nalisema hili mapema, maana ukifika mbele huenda usiliamini.

Siku yenyewe wageni walikuwa wanatoka Wete kuja kunywa chai ya alasiri. Uchungu ulimshika Zuhura alfajiri. Mkunga akaja, na Zuhura mwenyewe akaniambia niende kazini, mimba ya kwanza haina haraka. Nikaenda. Jua lilipokuwa juu, tabaka la kwanza limeshaiva na la pili liko motoni, Bi Mize akatokea mlango wa nyuma, anahema.

"Mtoto kakingama tumboni," akaniambia. "Mkunga kashindwa, kasema apelekwe spitali. Kitanda kishatolewa uani, na wanaume wa kubeba wapo. Twataka ruhusa yako."

Unajua mambo yetu, na hapa ni hivyo hivyo. Mke hatoki nyumbani bila ruhusa ya mumewe, hata akiwa hoi, na hakuna mkunga atakayebeba dhamana ya kumtoa mke wa mtu.

"Nakuja," nikasema. "Nakuja sasa hivi."

"Neno lako latosha, mwanangu. Miguu utaileta baadae."

Neno lenyewe ni moja tu, mpelekeni. Sikulitoa. Niliona haya mke wangu ashikwe na daktari mwanamume mimi sipo. Na jicho langu lilikuwa kwenye mfuniko. Yote mawili ni kweli, na sijui lipi lilikuwa zito zaidi. Nikamwambia wanisubiri. Bi Mize akautazama moto, akanitazama mimi. "Haya," akasema, "twakungoja." Akarudi alikotoka.

Kwa haraka yangu nikafunua kabla ya wakati, na lile tabaka la pili likabonyea katikati. Hapo ndipo nilipopaswa kuondoka. Memsahibu alikuwa nje anakata maua, na ningemwambia angeniruhusu, kwani nimemwona akimruhusu dobi kwa jambo dogo kuliko hilo. Hakuna aliyenizuia, Mama mdogo. Nilivunja mayai mengine, nikakoroga upya, nikakaa pale nikingoja mpaka likaiva. Kisha nikapaka krimu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Zuhura bado yuko uani, juu ya kitanda cha kamba, amefunikwa kanga, na wale wanaume wameegemea ukuta. Nilipiga kelele "Mpelekeni!" kabla sijaingia. Walikwenda mbio. Daktari alimwokoa mtoto. Aliuliza jambo moja tu, mbona mmechelewa, na watu wote wakanyamaza. Nami nikanyamaza pamoja nao.

Siku ya tatu ya matanga dobi alileta keki iliyobaki, imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Memsahibu ameituma kwa wema wake. Wanawake wakawakatia watoto, na mmoja akaonja. "Laini hino," akasema. "Kaipika nani?" Nikasema ni mimi. Bi Mize aliinuka akaenda uani. Ilikuwa laini kweli, hata siku ya tatu.

Kazi bado ninayo. Wageni wakija naambiwa niipike, naipika.

Mtoto nimempa jina lako. Uamuzi nakuachia wewe. Ukimtaka, akiacha ziwa nitamleta mwenyewe mpaka mlangoni kwako. Kama hutaki kuuona uso wangu, Bi Mize amekubali kumleta, nami nitabaki huku. Sikuombi radhi katika barua hii, kwa sababu aliyeomba bila kusema alilolifanya ni mwizi, na mimi ndiyo kwanza nimesema. Nangojea jibu lako, na hata likiwa kimya nitalielewa.

Nisalimie mjomba, fundi wa majahazi, na shangazi mshona kofia. Wape pole yangu. Mdogo wake Zuhura mwambie sanduku la nguo za dada yake nimelifunga, sijalifungua, litakuja pamoja na mtoto.

Mama yangu mzazi, dada yako, msalimie sana. Atakuwa amekaa karibu nawe barua hii ikisomwa, na najua ataanza kulia na kutafuta la kusema kwa ajili yangu. Mwambie asinitetee.

Ni mimi, mtoto wa dada yako,
Sefu