Shemeji Aliyesema Tumehama

Nyumba ya kona, nyuma ya zahanati,
14 Machi.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi, nyingi kuliko hasira niliyonayo, na hiyo si haba. Mgongo wako unaendeleaje? Wifi na watoto hawajambo? Huku tunapumua. Kipara wangu ameanza kula tena.

Barua yako nimeisoma. Unasema shemeji ni mume wa mdogo wetu, nifunike kombe mwanaharamu apite. Kaka, nimefunika makombe hadi mikono imechoka, na mwanaharamu hapiti, anavuta kiti anakaa.

Labda wamekusimulia nusu. Mwanangu Kipara alipoota mapunye kichwani, shemeji mwenyewe ndiye aliyeniomba nimwingize kwenye majaribio ya dawa ya fangasi. Watu wazima wameshaitumia, akasema, sasa wanaangalia kama inawaponya watoto bila kuwadhuru. Nikakubali, maana daktari ni wa nyumbani.

Mapunye yalikauka, sikatai. Kisha macho yakawa manjano, mkojo ukafanana na chai ya rangi. Nikamkimbilia shemeji. Akanijibu nipunguze mafuta kwenye chakula, dawa iendelee! Madaktari wa hospitali kuu ndio walioisimamisha, ini likiwa limeshavimba.

Juzi wakaja wakaguzi wa majaribio, akinamama tumejaa barazani. Mkaguzi mmoja akauliza habari za mtoto aliyeandikishwa ila hayumo kwenye matokeo. Shemeji, mkavu wa macho, akasema huyo alihama kabla hajaonja dawa. Tumehama! Sisi tunaoanikia nguo kwenye ukuta wa zahanati yake.

Kabla sijafungua kinywa, Kipara kwa adabu zake akasogea mbele. "Shikamoo, baba mdogo."

Naye mazoea yakamponza. "Marahaba, Kipara wangu! Macho yameacha umanjano?"

Wakaguzi wakageuka wote. Kaka, sijawahi kufurahi vile tangu nizaliwe, na sioni aibu kukuambia.

Jumatatu nimeitwa nikaeleze mbele ya kamati. Mdogo wetu amekuja kunililia kwamba mumewe atafukuzwa kazi. Machozi yake yananiuma, ila kufukuzwa ndiko ninakokutaka. Nataka apite mtaani asiitwe daktari hata na mbwa. Dawa ya moto ni moto. Ile ya chupa huenda ni nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini wapo watoto wanaoinywa hadi leo, na mama zao hawajaambiwa wawatazame macho. Nikinyamaza mimi, nani atawaambia?

Nisalimie wifi, shangazi, na mjomba fundi saa, mwambie ile ya ukutani imegoma tena. Mungu akunyooshee mgongo, na mimi anilindie sauti hadi Jumatatu.

Mdogo wetu atakaa upande wa mumewe, ni haki yake. Wewe njoo ukae karibu na mwanangu. Usipokuja, nitajua dada yako ni mmoja tu, na si mimi.

Akupendaye bado,
Dada yako