Nani Aliichomelea Difu Yako, Baba

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kuanza kuongea na wewe bila shikamoo sijazoea, na wewe ulikuwa mtu wa kununa kwa hilo. Nakuandikia nikiwa huku Kakesio kwa mdogo wangu Magdalena. Amejifungua mtoto wa kike. Mama yuko ndani anamkanda, na mimi nimetolewa nje, eti nauliza maswali mengi. Kama nimeyarithi kwa mtu, wote wanamjua ni nani.

Ulikuwa mtu wa kushuku, baba, tuseme tu ukweli. Kila asubuhi ulipita kwenye tairi moja baada ya jingine ukiliminya kwa kiganja, hata kama jana yake ulilijaza upepo mwenyewe. Mchungaji alipokuazima jeki ya kanisa uliijaribu kwanza chini ya gogo, naye amesimama pale pale anakuangalia. Wauza vipuri wa Karatu walikuwa wakikuona unaingia wanaanza kukonyezana, kwa sababu mpira wa breki uliunusa kama mtu anayenusa maziwa ya juzi. Mama alikuwa anasema hata sakramenti utaigeuza uone nyuma imeandikwaje.

Na gari ulinifundisha kwa roho hiyo hiyo. Unalikumbuka lile korongo la njia hii, ukishaiacha Endulen? Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, gari limebeba mahindi na chumvi ya mnada, ukanipa usukani. Nikaingia vibaya, gari likakaa mshazari. Tairi moja la nyuma likabaki hewani, na la mbele la upande wa pili nalo likaning'inia. Mimi nikakanyaga mafuta. Yale ya hewani yakazunguka kama feni, na yale mawili yaliyogusa chini yakatulia tuli. Nikaongeza mafuta. Ulinyamaza mpaka nikachoka mwenyewe.

"Shuka kwanza," ukasema.

Tukashuka. Ukanionyesha kwa fimbo tairi lipi linashika na lipi linacheza. "Difu haina akili," ukaniambia, ukiligonga kwa fimbo lile bonge la chuma la katikati ya ekseli linalogawia matairi nguvu. "Nguvu yote inampa mvivu. Sasa idanganye." Tukapunguza upepo mpaka matairi yakatoa vitambi. Tukasogeza magunia kwenye kona ya nyuma iliyokuwa juu, tukapanga mawe palipokuwa na tope. Kisha nikarudi kwenye usukani, wewe ukakaa pembeni yangu. Ukaniambia nivute breki ya mkono kidogo tu, meno mawili matatu, niweke gia ndogo, halafu nikanyage mafuta polepole kama naogopa. Lile tairi la nyuma lililokuwa hewani likawa zito, na nguvu ikakosa pa kukimbilia ikahamia kwa mwenzake aliyekuwa chini. Gari likajikaza, likapanda, likatoka. Nilicheka mpaka machozi, na wewe ukasema nirudi nyuma niingie tena, maana huenda nimebahatisha.

Baadaye wenzako wa Karatu walianza kufunga loki kwenye difu zao. Alikuja yule kijana wa Arusha mwenye kofia, akaeleza kwamba unabonyeza kitufe tu, matairi yote mawili ya nyuma yanazunguka pamoja, korongo linabaki jina. Uliiangalia ile loki, ukaigeuza, ukaipima kwa mkono, ukamrudishia. Ukasema ukiwa na hiki kitu hutashuka tena kuangalia unakoingia. Akaondoka amekasirika, na wewe ukaenda zako kuminya matairi.

Ndiyo maana haya yaliyofuata yalinichanganya.

Ulipotutoka, gari lilibaki kwa Paskali. Ndiye kitinda mimba, nyumba na vilivyomo ni vyake, na mimi sikupinga. Mimi nina kazi yangu ya kuendesha wageni. Lakini moyoni nilimshuku, baba, sitakuficha. Unamjua mwanao. Kitu kikiwa na njia ndefu na njia ya mkato, yeye ameshafika upande wa pili, ameacha kofia njiani. Nikawa naliangalia gari kila ninapokwenda nyumbani, kwa jicho la pembeni, kama mtu anayepita tu.

Masika haya nikamkuta pale kituo cha mafuta. Anakata kona aingie kwenye pampu, kona ya kawaida, mwendo wa mtu anayesindikiza maiti, na matairi ya nyuma yakalia kwenye lami. Yalilia kabisa, mpaka muuza mafuta akageuka. Nikainama nikayaangalia. Yalikuwa yameliwa kama yamesagwa kwa tupa, na ni mapya.

"Hili gari umelifanya nini?" nikamuuliza.

"Dada, usinizingue. Nimelifanya nini?"

"Difu ya nyuma. Nani kaigusa?"

"Hakuna aliyeigusa. Nimelikuta hivi hivi."

Alinijibu haraka mno. Mtu mwenye ukweli huwa anafikiri kidogo.

Na hapo ndipo palikuwa na hofu yangu, baba. Magdalena alikuwa anakaribia kujifungua, na mama alishasema ataletwa huku Kakesio na Paskali, kwa gari hilo, mvua zinanyesha. Unaijua barabara ya ukingoni mwa kreta inavyokuwa masika, ule udongo mwekundu ukishalowa. Kama mtu amechomelea gia za ndani ya difu ili kuipata loki ya bure, matairi ya nyuma hayawezi tena kupishana mwendo. Kwenye tope lililonyooka gari litavuta kama ng'ombe wa plau. Kwenye kona ya utelezi litakataa kukata, litakwenda moja kwa moja, na pale juu moja kwa moja ni bondeni. Mama yetu ndiye angekuwa kiti cha mbele.

Jumamosi nikaenda nyumbani na jeki yangu. Paskali akaja nyuma yangu akilalamika. Nikaweka mawe kwenye matairi ya mbele, nikanyanyua nyuma yote, gia nikaitoa, nikashika tairi la kushoto nikalizungusha kwa mkono. Difu nzima ingelipeleka la kulia kinyume. La kulia likaja pamoja na mkono wangu, upande ule ule, limenyooka kama limefungwa kwa nguzo. Nikazungusha tena. Hivyo hivyo.

"Umechomelea," nikamwambia.

"Naapa sijachomelea."

"Usiape. Mama hapandi hili gari."

Mama alikuwa anapepeta maharage pale uani. Ungetegemea aulize kuna nini. Hakuuliza. Alichukua ungo wake akaingia ndani, na mlango akauegesha. Nililiona na hilo pia, nikaliweka akilini.

Nikaenda kwa Fundi Bura, yule uliyekuwa unamshuku kuliko wote na bado huendi kwa mwingine. Nilimkuta chini ya lori, miguu tu inaonekana. Nikamsalimia kwa Kiiraqw, saita, akaitikia saita, akatoka akijifuta mikono. Nikamwambia difu ya gari la marehemu imechomelewa, na nataka jina la aliyeichomelea.

"Ni mimi," akasema.

"Kwa amri ya Paskali?"

"Paskali alikuwa hajui hata difu iko wapi. Ni mzee mwenyewe."

Nilimcheka, baba. Nilimcheka usoni. Nikamwambia mzee aliyefukuza loki ya dukani ndiye aje kuomba ya kuchomelea? Nikamwambia kumsingizia marehemu ni rahisi, hana mdomo. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoanza kunitia wasiwasi. Akaniambia ulikuja mwenyewe siku moja ya mnada. Alikuonya kwamba gari litalia kwenye lami, na kwenye kona lisiaminike. Ukamwambia unajua. Ukamwambia tena nisiambiwe mimi.

"Na wewe ukakubali tu?"

"Wewe ungemkatalia?"

Nikamwambia aitoe difu ile yote, aweke nyingine, na nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kumwangalia tangu anafungua mpaka anafunga. Alipomaliza nikamwambia anyanyue nyuma, nikazungusha tairi mwenyewe. La kushoto likaenda mbele, la kulia likarudi nyuma. Akaniambia nimekuwa wewe kabisa. Sijui kama alikuwa ananisifu.

Lakini bado sikumwamini. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza ni Paskali kamhonga, au wanalindana. Kwa sababu kama ni kweli ni wewe, basi kulikuwa na kitu ambacho mimi sikijui, na mimi ndiye uliyekuwa ukinituma hata kukuangalia kama jirani kapunja maziwa.

Tuliondoka Jumatano, mimi kwenye usukani. Paskali alikaa nyuma na mizigo, amenuna, na ana haki yake. Mama mbele, ana kikapu mapajani. Ukingoni kulikuwa na ukungu na utelezi, nikateremka kona baada ya kona kwa gia ndogo, na gari likakata kila nilipolikatisha. Kawaida hapo mama husali kwa sauti mpaka dereva anachoka, lakini safari hii alikuwa anautazama mkono wangu wa kushoto.

Kwenye lile korongo letu maji yalikuwa yameshapita na kuacha kingo zimebomoka. Nikashuka kwanza, ndiyo. Nikapunguza upepo, Paskali akapanga mawe bila kuambiwa. Hata hivyo gari lilikaa mshazari vile vile, tairi la nyuma hewani, likaanza kuzunguka bure. Nikaachia mafuta. Nikavuta breki ya mkono, meno matatu, nikaishikilia hivyo, kidole gumba kwenye kitufe, nikakanyaga polepole. Gari likajikaza, likapanda ng'ambo.

Nilipolisimamisha, mama alikuwa analia.

"Hapo ndipo aliposhindwa," akasema.

"Nani?"

"Baba yenu. Mkono wa kushoto. Gia alikuwa anaisukuma kwa kiganja, lakini hiyo breki inataka vidole, na vidole vilikuwa havishiki. Alilala hapa korongoni mpaka Wamasai wakaja kumsukuma. Siku ya mnada akaenda kwa Bura, apate gari lisilohitaji hiyo breki."

Nikazima gari. Nikamuuliza ilianza lini, akasema muda mrefu. Akasema asubuhi alikuwa anakufunga vifungo vya shati, na wewe unaangalia ukutani. Nikakumbuka yale makoti yako ya mwisho, mkono daima mfukoni, na mimi nikidhani ni baridi ya Karatu. Mimi, ninayejisifu kwamba hakuna kinachonipita. Nikakumbuka tena siku ulipoanguka pale mlangoni. Daktari alituuliza kama mkono au mguu uliwahi kulegea kabla, kwa sababu kabla ya kiharusi mwili huwa unatangaza. Mimi na Paskali tulijibu haraka kwamba haujawahi. Mama alikuwa anaangalia sakafu.

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Aliniapisha. Alisema, Anjela akijua, ataninyang'anya ufunguo."

Paskali alikuwa amesogea dirishani anasikiliza. Hakusema nilikwambia, ingawa angeweza. Alifungua mlango wangu akaniambia nikae nyuma nipumzike, ataendesha yeye mpaka hapo mbele, na nikamwachia.

Nina hasira na wewe, baba. Nimekuwa nayo tangu Jumatano, nakula nayo, nimemshika mtoto wa Magdalena nikiwa nayo. Uliona ni heri kuchomelea chuma, ukapita kona za ukingoni na gari lisilokata, mkono mmoja umekufa, kuliko kumwambia mwanao aliyekaa kiti cha pembeni utoto wake wote. Ulimwamini Fundi Bura. Fundi Bura, baba. Mtu uliyekuwa unazihesabu nati zake. Ukanishuku mimi.

Na nimekaa hapa nje nikijaribu kusema kwamba ulinikosea, kwamba mimi si mtu wa namna hiyo. Siwezi kusema uongo mbele yako. Ulishuku sawasawa. Ningekunyang'anya ule ufunguo siku hiyo hiyo, ningekupandisha kwenye gari langu ukitukana kwa Kiiraqw mpaka hospitali, na ningeongea na daktari mimi mwenyewe. Sasa hivi ungekuwa umekaa pale kibarazani Karatu, umevaa koti, hutaki hata kunisalimia. Ningekuja kila Jumapili, shikamoo yangu usingeiitikia, na mimi ningekwenda jikoni nikale ugali nimeshiba furaha.

Pumzika, baba. Mtoto wamempa jina la mama yako.

Mimi binti yako wa kwanza,
Anjela