Viti Vitupu Tulivyoviondoa

Nyumba ya pili baada ya mashine ya kusaga,
S.L.P. 218.
14 Juni

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi, na samahani nyingi kuliko salamu. Hujambo huko uliko? Shemeji naye hajambo? Wapwa zangu wameacha kugombania simu, au ndiyo kwanza wameanza? Na mgongo wako unaendeleaje na kuinua wagonjwa kutwa nzima? Sisi tu wazima. Mama anadai magoti yanamsumbua, lakini juzi nilimkuta amepanda juu ya meza anafuta utando wa buibui, sasa sijui niamini maneno yake au macho yangu. Wifi yako sasa hajambo. Habari zake zinakuja.

Miezi mitano sijakuandikia. Najua umenuna, na una haki.

Kanisa linaendelea vizuri. Bado tunasali kwenye karakana ya seremala, na kila Jumapili asubuhi tunafagia maranda kabla ya kufungua Biblia. Unakumbuka ulivyotuacha, kila mtu anakuja na kiti chake kutoka nyumbani: stuli, kigoda, na yule mama muuza mkaa na debe lake. Kila mtu alikuwa na mahali pake. Pakibaki wazi, Jumatatu aliyekaa jirani na pale alikwenda kubisha hodi kujua kulikoni. Hakuna aliyetupangia hivyo, tulijikuta tu tunafanya.

Basi mwezi wa tatu kanisa moja kubwa likatupa viti vya plastiki themanini, vyeupe pe. Dada, nilivimba kichwa. Nikatangaza kwamba mambo ya kubebana na vigoda njiani yamekwisha. Na kwa kuwa hatufiki themanini, nikawaagiza wapokezi wa mlangoni waondoe viti vitupu kabla ya mahubiri, ili nikisimama nione kanisa limejaa. Likawa linajaa kila Jumapili, nami nahubiri kwa raha zangu.

Mwishoni mwa mwezi wa nne mama muuza mkaa akaniuliza Mzee fundi saa yuko wapi. Nikamwambia yupo. Akasema hayupo, leo Jumapili ya nne. Unamjua mzee yule, ndiye aliyetuombea karakana kwa seremala wakati hatuna pa kusalia. Kumbe alikuwa kitandani na homa ya mapafu, kibanda chake kimefungwa, na aliyemnywesha uji siku zote hizo ni jirani yake mlevi, ambaye hajawahi kukanyaga kanisani.

Nilipoingia chumbani kwake aligeukia ukutani. Sikumlaumu. Nilijua mzee huyu asiporudi, sina uso wa kusimama tena mbele ya watu na kujiita mchungaji.

Kesho yake nikarudi, nikateka maji, nikaosha vikombe, nikaondoka. Keshokutwa yake vilevile. Siku ya nne nilimpikia chai, akaonja, akasema sukari imezidi. Nikajua tumeanza kuongea.

Baada ya wiki nikapata ujasiri wa kumwomba msamaha. Akaweka kikombe chini, akauliza, "Na wewe mchungaji, ukiumwa, nani anajua?"

Nikajibu kichungaji, kwamba Mungu anatutunza. Akasema, "Hilo najua. Nimeuliza nani anajua."

Dada, nililia pale kama mtoto. Nikamwambia ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata wewe. Mwezi wa kwanza wifi yako alipoteza mimba ya miezi mitano, ambayo hatukuwa tumemwambia mtu. Tulitoka hospitali Jumamosi, na Jumapili nikasimama nikahubiri juu ya furaha. Watu walipomuulizia mke wangu nikasema ana mafua. Nilimkataza asimwambie mtu, hata Mama, eti mchungaji asiwabebeshe watu mizigo yake. Akanitii, akawa anakaa jikoni na moto umezima. Nilidhani ninalinda kanisa. Nilikuwa ninamwacha mke wangu peke yake.

Mzee aliniambia nikamuulize mwenyewe kama anataka watu waambiwe. Nikamuuliza. Akasema alikuwa anasubiri nimuulize tangu siku ile.

Jumapili iliyofuata Mzee alikuja akimshikilia yule jirani yake. Niliwaambia watu yote, ya viti na ya nyumbani kwangu. Mzee akasimama akasema yeye ameshasamehe, ila kuanzia sasa mchungaji naye ni mtu wa kutembelewa, na asije mtu mikono mitupu kwa sababu chai yake ni sukari tupu. Watu wakacheka huku wanajifuta machozi. Siku hizi viti vitupu haviguswi, na jirani wa Mzee ndiye mpokezi wetu mlangoni. Bado anakunywa kidogo. Tunakwenda naye taratibu.

Jumatatu hodi zilianza asubuhi. Mama muuza mkaa alikaa jikoni na wifi yako mpaka alasiri. Nilisikia kilio, halafu nikasikia mke wangu anacheka. Nilisimama koridoni, sikuingia, nisije nikaharibu.

Nakuomba radhi kwa kukuficha. Nilianza barua mara nyingi nikazichana. Alikuwa mtoto wa kike, Dada, na tulikuwa tumekubaliana aitwe jina lako. Sikujua nikuambieje. Mpigie wifi yako simu, hata leo. Anaingoja.

Mama anakusalimu na anasema usimtumie tena dawa ya magoti, ni chungu. Mzee fundi saa anakusalimu, na seremala pia. Nisalimie shemeji, na wapwa zangu uwabusu kwa niaba yangu, hata wakikimbia.

Mungu akulinde kazini na nyumbani, na akupe mtu wa kukuuliza hali na kusubiri jibu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye sana,
Kengele