Ufunguo Kwenye Rekodi

Kaka mpendwa,

Mimi mzima, ila usinicheke. Ile ampu ya kidijitali ya kukuzia sauti ya gitaa uliyonitumia nimeiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB. Nilipoanza kurekodi tu, uzi wa gitaa ukakatika, nikakimbia dukani bila kuzima kitu. Niliporudi nikaona kosa langu: kwenye programu sikuichagua ampu, kwa hiyo kompyuta ilikuwa ikirekodi sauti za sebuleni kwa maikrofoni yake yenyewe. Nikasikiliza. Nilisikia nikifunga mlango, kikafuata kimya, kisha ufunguo ukazungushwa na viatu vizito vikapita kwenda chumbani kwangu. Sikuvisikia vikitoka.

Nakuandikia nikiwa kwa jirani. Ufunguo wa pili uliondoka nao wewe, kaka. Bado unao?

Mdogo wako,
Vidole Vigumu