Kiti Kinachotazama Ukuta

Jumatatu, 4 Machi

Imethibitishwa. Mkutano mkuu wa chama utafanyika nyumbani. Nyumbani! Mara ya kwanza tangu tufukuzwe. Kila tawi la ugenini litatuma mjumbe mmoja, naye atapewa kibali cha kuingia na kutoka. Mmoja tu.

Mwenyekiti wetu hawezi. Daktari amemkataza safari, kwa sababu ya moyo. Baada ya kikao alinivuta kando, akaniwekea mkono begani kama mtu anayegawa urithi. "Katibu, ni wewe."

Nililiacha basi likapita, nikatembea. Furaha ya namna hii haitaki kubanwa na viwiko vya watu.

Mke wangu alinisikiliza akimenya vitunguu. Akasema ni vizuri. Hakuinua kichwa.

Alhamisi, 7 Machi

Vijana wamekataa. Msemaji wao ni yule binti muuguzi, anayekuja vikaoni na viatu vya wodini. Alisema ujumbe si shamba la kurithishana, upigiwe kura. Mwenyekiti akamjibu kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Binti akainama kwa adabu zote. "Shikamoo, Mzee. Lakini ukoko ukiachwa sana, jungu zima hunuka."

Ukumbi ulicheka. Nami nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba ukoko wenyewe ni mimi.

Sina kinyongo nao. Nusu ya wanayoyasema nilishamwambia Mwenyekiti zamani — kwa sauti ya chini, kweli, lakini nilimwambia. Wamechoka na maazimio yanayoanza na "tutakaporudi". Wanataka chama kiwajue pia waliozaliwa huku. Sawa. Ila peke yao hawafiki mbali. Watahitaji mtu mzima wa kusimama mbele yao, anayepakumbuka nyumbani, anayejua kuandika.

Watakuja. Nimepitia dukani, nimenunua vikombe vipya.

Jumamosi, 9 Machi

Muuguzi amekuja. Nilivaa tai.

Alikaa ukingoni mwa kiti. "Tunakuheshimu sana, Katibu." Nikajua hapo hapo. Mtu akitanguliza heshima, amekuja kunyima.

Wamemchagua shemeji. Fundi cherehani! Ndugu wa mke wangu, niliyempokea mimi stesheni na bahasha moja mkononi, nikamfundisha mabasi, nikamfundisha namna ya kuwaambia wenye nyumba kwamba bomba linavuja. Hajawahi kuandika hata azimio moja. Vikaoni hukaa nyuma, nyuzi zimemganda mikononi, na mara nyingine husinzia.

Nikamwuliza binti kwa nini yeye. Akasema, kila wakipita dukani kwake huwauliza wanaendeleaje. Na nini kingine? Akafikiri. Hakuna kingine, ni hilo.

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe anazishona yeye.

Binti alinywea kikombe kipya. Vingine vimebaki kwenye boksi.

Jumanne, 12 Machi

Nimepita mtaa wa duka lake, upande wa pili. Sikwenda kuchungulia. Kioo ni kikubwa, mtu huona tu.

Walikuwa wamejaa. Wengine juu ya majora ya vitambaa, mmoja ameegemea meza ya pasi, na mmoja amekalia kiti changu — kile cha dirishani ninachokalia kila Jumamosi tangu duka lifunguliwe. Shemeji alikuwa na pini mdomoni. Hawezi kusema neno mtu mwenye pini mdomoni. Na bado walikuwa wanacheka! Mimi nimehutubia tawi hili tangu wengine wao wananyonya, na hawajacheka ila nilipokosea.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti, nikamwambia kura na iwe, nitagombea. Akaniuliza kama nafanya hivi kwa ajili ya chama. Nikasema kwa ajili ya chama.

Itakuwa Jumapili, kura ya mgongo, kama desturi yetu. Wagombea hukaa vitini, uso ukutani. Wanachama hujipanga nyuma ya wamtakaye, mhesabuji huhesabu, kila mtu hurudi mahali pake, ndipo wagombea hugeuka. Mtu asijue nani kamkataa, kesho waweze kusalimiana. Tu wachache mno huku kununiana. Na mgombea akigeuka kabla ya hesabu kusomwa, amejitoa.

Kanuni hiyo niliiandika mimi. Niliiona nzuri sana.

Ijumaa, 15 Machi

Nimemsikia mke wangu ngazini kabla hajagonga. Goti lake bovu, kiatu cha kushoto hukokota. Mkononi ana koti langu. Shemeji alikuwa ameanza kunishonea juma lililopita, kwa ajili ya safari, kabla ya haya yote. Amelimaliza. Ameagiza niambiwe ameacha mshono wa ziada kiunoni, maana nyumbani nitanenepa.

Nimelitafutia kasoro mbele ya kioo. Mabega, kola, vifungo. Hakuna. Angalau angelikosea mkono mmoja!

Nikasema huo ni ujanja wa kampeni. Hapo mke wangu aliweka mkoba chini.

"Wewe unataka kuuona mtaa," alisema. "Yeye anataka kuliona kaburi la mama."

Waliondoka kabla hawajamzika, wote wawili, kila mmoja kwa njia yake. Najua. Nilikuwapo. Nikamwambia nitakwenda mimi kaburini kwa niaba yao, nitasafisha, nitapiga picha. Akauokota mkoba, akasema, "Asante, Katibu." Huniita hivyo akiwa mbali nami.

Nikamwuliza Jumapili atasimama nyuma ya nani, nyuma ya mumewe au nyuma ya nduguye. Alikuwa ameshafika jikoni.

"Kanuni inasema usijue."

Jumapili, 17 Machi

Ukumbini. Naandika gotini, uso ukutani, maana wanabishana na sina pa kutazama. Mwenyekiti anasema waliozaliwa huku hawapigi kura. Muuguzi anamwuliza basi ada zao alikuwa akizipokea za nini. Wazee wenyewe wamecheka. Vijana wameruhusiwa.

Shemeji yuko kiti cha kushoto. Ameninong'oneza kama nimekula. Nimekohoa tu. Ameniangalia mkono, ameona koti lakaa vizuri, ametabasamu — kwa ukuta.

Muuza mikate ndiye mhesabuji. Amegonga meza. Wanajipanga.

Viatu vizito upande wangu: wazee. Raba upande wake, nyingi. Na wazee pia wanakwenda kwake, nasikia fimbo. Na raba moja imekuja kwangu! Ya nani? Watu wanapungua katikati. Nadhani tuko karibu sawa.

Kiatu kile sasa. Kinakokota. Kinakuja taratibu, kama ngazini. Kimesimama.

Si nyuma yangu. Si nyuma yake. Katikati.

Muuza mikate anamwambia kwa upole mama achague, amebaki yeye, na pande mbili ziko sawa.

"Sichagui," mke wangu amesema. "Nangoja mmoja wao ageuke."



Ukuta umebambuka rangi hapa mbele yangu, chini yake kuna rangi nyingine, ya kijani. Koti halinibani popote. Nageuka. Ngoja nimalize sentensi hii, nifunge kalamu, nigeuke, nimwambie shemeji aende yeye, salamu kwa mama —

Kiti cha shemeji kimelia, kinageuka.

Hata hili anataka kunitangul