Mahali pa Kumpisha Mkwe

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Huku Mkuyuni tuko salama, goti la bibi yako limetulia na maharage yamekubali.

Unaniuliza kama usimame mkutanoni useme kivuko kipya cha barabara kuu ni chembamba, nawe unaogopa kuchekwa.

Wakati wa Mjerumani nilikuwa kijana. Reli ilipofika Morogoro, msimamizi wake alitaka kufunga njia zetu za sokoni, ibaki moja nyembamba ya kuvukia. Baba yangu akauliza, "Nikikutana na mama mkwe pale, nimpishe wapi?" Kwetu mwanamume humpa mkwewe mgongo mpaka apite, wala hawasemeshani. Mjerumani alipotafsiriwa akacheka mpaka machozi.

Siku ya soko baba akakutana na mkwewe palepale, bibi yangu, ana ndizi kichwani. Baba akajitoa njiani kwa adabu, akasimama juu ya reli, kampa mgongo. Treni ikalia kwenye kona. Baba hakusogea, kwa sababu mkwe hajapita. Bibi akatupa ndizi, akamvuta kanzu, "Ondoka hapo, mwanangu."

Msimamizi aliyaona yote, na njia ikapanuliwa. Bibi hakumsemesha baba tena maisha yake yote, ila kila msimu baba alimwachia mkungu wa ndizi mlangoni.

Nenda ukaseme, Salma. Wakicheka, waache wamalize, kisha uliza tena.

Babu yako