Kitufe cha Msumeno Mkubwa

Elburgon,
Jumanne, tarehe 17 Juni.

Kwa dada yangu Chesang,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai mlifika Molo salama na mizigo yote, na kwamba kifua cha Cheruto kimetulia, maana baridi ya huko haimhurumii mtoto. Mama mkwe wako naye, mguu unaendeleaje? Huku mwilini hatuna neno. Mama hajambo. Ng'ombe wake alizaa ndama jike wiki jana, na kila jioni ananiuliza kama umepiga simu. Namwambia network ya Molo inasumbua. Najua umeniblock, na sikulaumu. Ndiyo maana nimeshika kalamu, na barua hii nimempa Jepkemei, jirani yenu anayeleta viazi sokoni hapa. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujaitia motoni.

Nataka kukueleza habari ya kiwanda cha mbao. Mwanzo wake unaujua, lakini kuna mengi sikukuambia.

Unakumbuka vile vitufe vyeupe nilivyotoa Nakuru mwezi wa pili, vya ukubwa wa kidole gumba. Vilitengenezwa ng'ambo ili mtu abonyeze na kuletewa sabuni nyumbani. Kampuni ikaachana na hiyo biashara, vikabaki kama takataka. Mimi nikavifundisha kazi nyingine. Mzee Kang'ethe mwenye kiwanda alikuwa anataka kila msumeno uwe na kitu cha kubonyeza mtu akipata shida, king'ora kilie, na fundi wa injini azime kila kitu. Waya hazikai pale kiwandani, trekta linazikata likivuta magogo. Vitufe vyangu havihitaji waya. Mzee alifurahi, akaniahidi kunipeleka kwa marafiki zake wawili wenye viwanda.

Shemeji Bethwel peke yake hakufurahi. Alisema mbele ya watu kwamba angependelea kengele ya kamba, kitu anachoweza kukivuta na kukiona kikivutika. Neno hilo lilinikaa. Kwa hivyo katikati ya mwezi wa nne, kitufe cha msumeno wake kilipoanza kumaliza betri kwa wiki moja, na betri hizo nilisema zitakaa mwaka, wa kwanza niliyemfikiria alikuwa yeye.

Vitufe vingine vitatu havikuwa na shida. Ni hicho kimoja tu, na msimamizi wa msumeno huo ni mume wako. Nikaanza kumtazama. Nilimwona mara mbili amesimama kando ya kitufe wakati wa chai, mgongo umegeukia wenzake. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaweka alama ndogo kwenye kila betri niliyotia. Siku ya nne nikafungua. Betri iliyokuwa ndani haikuwa na alama. Nikajiambia nimemshika: anatoa zangu nzuri na kuweka zilizokufa.

Jumapili moja nikaja kwenu kunywa chai. Ulinikaribisha vizuri, ukanikaangia na mayai. Ulipoingia jikoni, niliona kifuniko cha mkebe pale dirishani, na ndani yake betri tano, zote na alama yangu nyekundu. Chesang, nilikunywa chai yako nikizihesabu. Ulipoketi ukaniuliza mbona nimenyamaza, nikasema nimechoka. Nilitoka pale nikiamini kwamba hata wewe unajua.

Baada ya hapo kila kitu alichofanya kilikuwa ushahidi. Akicheka na watu, nasema ananicheka. Akinyamaza, nasema anapanga. Nikamwambia Mzee Kang'ethe, naye akaniambia niendelee kumchunga bila kelele.

Ndipo ikafika ile Alhamisi ya Karanja, aliyekuwa akifanya kazi kwenye msumeno wa Bethwel. Ilikuwa saa nane mchana. Mkono wa koti lake ulishikwa na mkanda, akabonyeza kitufe kwa mkono mwingine. King'ora hakikulia. Bethwel ndiye aliyekimbia mpaka chumba cha injini na kuizima, lakini vidole viwili vilikuwa vimekwisha kwenda. Nilipofungua kitufe, betri ilikuwa imekufa kabisa.

Mkutano wa kumjadili Bethwel ukapangwa Jumatano iliyofuata. Ya mkutano wenyewe najua ulisimuliwa. Usiyoyajua ni ya Jumapili iliyoutangulia.

Jumapili hiyo kiwanda kilikuwa kimefungwa, nanyi mlikuwa kanisani. Niliingia peke yangu kutafuta ushahidi wa mwisho. Nikatia betri mpya, nikabonyeza. Taa ya kitufe ikawaka nyekundu, ikaendelea kumemeta, dakika nzima, haizimi. Nikakipeleka karibu na ofisi, nikabonyeza. Ikamemeta kijani mara moja, ikalala. Nikarudi nacho kwenye msumeno, nyekundu tena, bila kukoma. Nikaketi juu ya gogo.

Kitufe kikibonyezwa huita kile kisanduku kinachopokea na kuliza king'ora. Kikijibiwa, kinalala. Kisipojibiwa, kinaita, na kuita tena, mpaka kisikike au betri ikwishe. Zamani kisanduku kilikuwa kwenye banda la kunolea, karibu na msumeno mkubwa, ndio huo wa Bethwel. Katikati ya mwezi wa nne Mzee alitaka kikae ofisini kwake akione, nami nikakihamisha jioni moja bila kukijaribu. Kati ya ofisi na msumeno wa Bethwel kuna rundo la magogo mabichi refu kuliko nyumba, na mti mbichi unameza mawimbi. Kila asubuhi alipokuwa akikijaribu kama nilivyoagiza mimi mwenyewe, king'ora kilichelewa kulia, na kitufe kilikuwa kinajimaliza.

Nilijua tangu Jumapili. Jumatano nikaingia mkutanoni. Mzee akamuuliza Bethwel betri zenye alama zilifikaje nyumbani kwake. Bethwel hakukasirika. Alisema, "Muulizeni Weldon. Nilimwambia hiki kitu kinakula betri."

Wote wakanigeukia. Karanja alikuwepo, mkono umefungwa bandeji. Nikasema Bethwel hajawahi kuniambia kitu, na kwamba betri hazitembei zenyewe.

Alikuwa ameniambia, Chesang. Mara mbili. Mara ya kwanza alinifuata mpaka getini, akasema taa inawaka nyekundu muda mrefu. Nikamwambia aache kuchezea kazi za watu. Mara ya pili alitaka kunionyesha zile zilizokufa, nikasema nina haraka. Najua hata wewe ulimuuliza kama ni kweli aliniambia, na najua hukumwamini kabisa, kwa sababu mimi ni ndugu yako. Mwamini. Aliyedanganya ni mimi. Niliogopa vidole vya Karanja visije vikahesabiwa kwangu, na nilitaka zile kazi mbili.

Bethwel alipofukuzwa na nyinyi mkahama, betri ziliendelea kufa. Wiki jana Mzee aliniita akaniambia nianze kumchunga Kipkoech, kijana aliyechukua nafasi ya Bethwel. Nilitoka ofisini. Nikapita dukani kwa Wachuka kununua betri nyingine, naye akaniuliza shemeji yangu alipotelea wapi, kwamba alikuwa anapita kila Jumamosi kuchukua moja ya aina hiyo hiyo, kwa pesa yake. Bethwel alikuwa amemwambia kuna watu kazini wanaitegemea.

Ijumaa nilienda kwanza kwa Karanja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nitoke. Nikaenda kwa Mzee, naye akawaita wafanyakazi wote, nikasema tena mbele yao. Kisanduku nimekirudisha bandani. Ile kazi ya viwanda vingine imekufa, na Mzee ameita fundi mwingine aweke kengele za kamba. Ndani ya bahasha hii utapata barua yake kwa Bethwel, yenye sahihi na muhuri, ya kumrudisha kazini akitaka. Akikataa, pia ana haki.

Sikuombi uniombee msamaha kwake. Nakuomba tu umsomee ukurasa huu kwa sauti, Cheruto akiwa macho, maana alisikia babake akiitwa mwizi.

Jumamosi nitakuja Molo. Sitapita getini mpaka niitwe. Mbwa akibweka na asitoke mtu, nitaelewa, na nitarudi Elburgon.

Msalimie mama mkwe wako. Mama anasema ndama mtampa jina nyinyi.

Ni mimi ndugu yako,
Weldon.